Uso hauonekani vizuri kwenye video ya laptopu? Tafuta dalili yako hapa

Malalamiko ya watu kuhusu video za laptopu yanafanana sana. Mmoja anasema amegeuka kivuli cheusi tupu, mwingine uso umekuwa wa njano, mwingine miwani inang'aa mpaka macho hayaonekani, mwingine picha imejaa chenga, na karibu wote wakishaona hivyo wazo la kwanza ni kununua kamera mpya. Subirini kwanza jamani. Kamera ya laptopu imebanwa kwenye ukingo mwembamba wa skrini, senso yake, yaani kile kipande kinachonasa mwanga, ni ndogo mno na senso ndogo inakusanya mwanga kidogo, kwa hiyo kosa la taa ambalo macho yako yanalivumilia bila hata wewe kugundua, kamera inashindwa nalo. Ndo maana chumba ambacho ukikaa ndani unaona kina mwanga wa kutosha kabisa kinatoka giza kwenye video. Na ukirekebisha taa, kamera hiyo hiyo unayoilaumu inaanza kutoa picha safi.

Mimi msimamo wangu ni mwanga unatokea wapi kwanza, ni mwingi kiasi gani baadaye, kununua vifaa mwisho kabisa. Hapa chini nimepanga kwa dalili, na kwenye kila dalili naanza na sababu inayotokea sana halafu nashuka kwenda zile za nadra.

## Vipimo vya haraka kabla hujagusa chochote

Futa lenzi. Kile kidoti cha kamera juu ya skrini kinashikwa na vidole kila unapofungua na kufunga laptopu, na hakuna anayekifuta. Tumia kitambaa laini cha kufutia miwani, kikavu, na kama uchafu umeganda kilowanishe kidogo sana, usipulizie maji moja kwa moja kwenye skrini. Angalia pia kama ile plastiki nyembamba ya kiwandani bado imebandikwa juu ya kamera, wapo wengi wanatumia laptopu mwaka mzima na ile plastiki ipo.

Halafu fungua kamera nje ya mkutano. Kwenye Windows kuna programu inaitwa Camera, kwenye Mac kuna Photo Booth. Ukijiona vizuri huko ila kwenye mkutano unatoka vibaya, basi shida iko kwenye programu ya mkutano au intaneti na hata ukiongeza taa kumi hutapata nafuu. Ukitoka vibaya kote kote, shida ni mwanga au kamera yenyewe, endelea kusoma.

Kipimo cha tatu ndo nakipenda zaidi. Chukua simu, washa kamera ya mbele kama unataka kupiga selfi, kaa kwenye kiti chako cha siku zote halafu zunguka taratibu duara zima huku unajiangalia usoni. Utaona uso unabadilika, kuna mahali unakuwa giza, kuna mahali upande mmoja unapotea, na kuna mahali pamoja ngozi inatulia na macho yanang'aa vizuri. Hapo ulipotulia ndo unatakiwa uelekee ukiwa kwenye laptopu. Kama meza imetazama upande mwingine, geuza meza. Wengi wakifika hapa hawana haja ya kusoma yanayofuata.

## Uso mweusi, nyuma kunang'aa

Hii ndo dalili namba moja, na sababu yake namba moja ni dirisha lililo nyuma yako. Kamera inajipangia yenyewe ipokee mwanga kiasi gani, inaangalia picha nzima inatafuta wastani, na dirisha likiwa ndani ya picha wastani unapanda sana, kamera inaona kuna mwanga wa kupitiliza basi inapunguza kila kitu na uso wako unashuka nao. Haijui wewe ni nani wala kipi muhimu, inajua wastani tu. (Zipo kamera na programu mpya zinazotambua uso na kuupa kipaumbele, lakini dirisha kubwa la saa sita mchana linazishinda hata hizo.)

Cha kufanya ni kugeuka, dirisha likae mbele yako nyuma ya laptopu. Huwezi kugeuza meza? Funga pazia la nyuma, hata nusu tu, upande ule unaoonekana kwenye kamera. Hata hilo haliwezekani? Sogeza laptopu kushoto au kulia mpaka dirisha litoke nje ya picha, kamera haitasumbuliwa na kitu isichokiona.

Sababu ya pili ni taa ya ukutani au ya mezani iliyo nyuma yako na inaonekana kwenye picha. Watu wanaiweka kwa ajili ya urembo, na inapendeza kweli, ila iwe hafifu kuliko taa inayokumulika usoni. Taa ya nyuma ikizidi ya mbele umepotea.

Sababu ya tatu inasahaulika na inaumiza watu wengi: ukuta mweupe nyuma pamoja na ngozi nyeusi. Kamera ikiona ukuta mweupe umejaza picha inafanya kile kile ilichofanya kwa dirisha, inashusha mwanga ili ukuta uwe wa wastani, na uso mweusi unaingia gizani unapoteza umbo lake lote. Mwenye ngozi nyeupe akikaa mbele ya ukuta ule ule hasumbuliwi sana kwa sababu uso wake uko karibu na rangi ya ukuta. Nasema hili kwa uzito kwa sababu nimesikia watu wakiambiwa waongeze filta za kung'arisha ngozi, na hilo ni jibu baya. Ngozi yako haina kasoro yoyote, kipimo cha kamera ndo kimedanganyika. Badilisha cha nyuma: kaa mbele ya ukuta wenye rangi ya kati au iliyokolea kidogo, kabati la vitabu, pazia la kahawia, kijani kibichi, bluu nzito. Halafu sogea mbele kutoka ukutani, mita moja au zaidi kama chumba kinaruhusu, ili taa ya usoni isiumulike ukuta kwa nguvu ile ile. Ngozi nyeusi inapendeza sana na mwanga mpana unaotokea pembeni kidogo, dirisha lenye pazia jepesi au taa iliyogeuzwa imulike ukuta wa pembeni halafu mwanga urudi kwako, unapata ule mng'ao mzuri kwenye shavu na paji la uso. Shati jeupe pia linachangia kamera kushusha mwanga, jaribu la rangi nyingine uone tofauti.

Kuna wanaowasha mandhari ya bandia au kuficha nyuma kwa ukungu wakidhani itaondoa tatizo la dirisha. Haiondoi. Kamera inapima mwanga kwanza, programu inachora ile mandhari baadaye, kwa hiyo dirisha umelificha kwa watazamaji lakini kamera bado inaliona na uso bado utakuwa giza.

Ukishafanya yote hayo na bado, ingia kwenye mipangilio. Windows 11 ina sehemu ya kamera ndani ya mipangilio ya Bluetooth na vifaa, unachagua kamera yako unapandisha mwangaza kidogo kidogo. Zoom ina chaguo la kurekebisha mwanga hafifu kwenye mipangilio ya video, linaweza kuwa otomatiki au ukaliburuta mwenyewe, Google Meet na Teams nazo zina la kwao. Mac zenye chipu ya M1 na kuendelea zina Studio Light, inafifisha nyuma na kuangaza uso. Hizi zinasaidia kumalizia kazi, ila uso ambao kamera imeunasa gizani ukilazimishwa na programu unatoka wa kijivu na chenga juu yake, kwa hiyo zitumie mwisho.

## Picha ina chenga, ukisogea unaacha mkia

Mwanga ni mdogo, asilimia kubwa ya wanaolalamika hivi shida yao ni hiyo tu. Kamera ikikosa mwanga inafanya mambo mawili. La kwanza inakuza umeme wa senso, na ikikuza picha inakuza na uchafu, zile nukta zinazochemka chemka kwenye kivuli na kwenye nywele. La pili inaacha senso ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha moja, kwa hiyo mkono ukisogea unachorwa kama ukungu, na badala ya picha 30 kwa sekunde unaweza kushuka mpaka 15 na video inaonekana inasitasita. Wengi hapo wanalaumu intaneti.

Jinsi ya kutofautisha: chenga za mwanga zinachemka kila wakati hata ukikaa kimya, na ziko pia kwenye programu ya kamera bila mkutano. Intaneti mbovu inaleta viboksi viboksi, picha kuganda, sauti kukatika. Ila vitu hivi viwili vinasaidiana kukuharibia, kwa sababu chenga zinabadilika kila sekunde na programu inashindwa kuzibana vizuri, inabidi itumie data nyingi zaidi kwa picha ile ile mbaya. Ukiongeza taa hata intaneti yako ya kawaida inaanza kutosha.

Kabla ya kununua taa nyingine sogeza uliyonayo. Taa ndogo ya mezani ikitoka mita moja ikaja nusu mita kutoka usoni unapata mwanga mara nne, sio mara mbili, hiyo ni fizikia na inafanya kazi kwa faida yako. Kama bado, badilisha balbu. Angalia lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka, badala ya wati ambazo ni umeme unaoliwa: balbu ya LED ya lumeni 800 hivi ni sawa na ile ya zamani ya wati 60, na mbili za aina hiyo mbele yako zikiwa zimelainishwa zinatosha kabisa kwa kikao cha usiku.

Ukiwa na taa ya kutosha, zima lile chaguo la kurekebisha mwanga hafifu uone kama picha inakuwa safi zaidi, mara nyingi inakuwa. Na mandhari ya bandia inayokula nywele na masikio yako nayo inapona hapa hapa, programu inashindwa kukutofautisha na kiti kwa sababu ya giza.

## Macho mashimo, kivuli chini ya pua na kidevu

Taa ya darini moja kwa moja juu ya kichwa. Izime. Kama ndo pekee uliyonayo, rudisha kiti nyuma ili taa iwe mbele yako badala ya utosini, halafu tandika karatasi nyeupe au kitambaa cheupe mezani mbele ya laptopu, kitarudisha mwanga juu na kujaza vile vivuli. Utashangaa karatasi mbili tatu za A4 zinavyobadilisha uso. Taa ya mezani ikiwekwa juu kidogo ya usawa wa macho, nyuma ya skrini, inamaliza kabisa.

Kinyume chake pia kipo: taa imewekwa chini, inamulika kutoka kidevuni kwenda juu, mtu anatoka wa kutisha. Panda nayo juu.

## Nusu ya uso inaonekana, nusu imepotea

Dirisha au taa iko ubavuni peke yake. Geuka nayo kidogo mpaka mwanga ukufikie kwa mshazari, kati ya ubavu na mbele, na upande wenye giza simamisha kitu cheupe karibu na uso, boksi lililofunikwa karatasi nyeupe, bango la kadibodi, hata taulo jeupe kwenye mgongo wa kiti. Kivuli kidogo upande mmoja usikiogope, kinaupa uso umbo.

## Uso umeungua kwa mwanga, paji linang'aa

Hii inawapata walionunua taa ya duara wakaiwasha mwisho na kuiweka karibu na pua. Punguza kwanza, taa nyingi za aina hiyo zina vitufe vya kushusha. Halafu irudishe nyuma kidogo na uisogeze pembeni. Ukiona bado mwanga mkali na vivuli vyenye makali, chanzo ni kidogo mno, unahitaji kukipanua: geuza taa imulike ukuta mweupe ulio mbele yako, mwanga urudi ukiwa mpana na laini. Ukuta wa rangi usiutumie kwa hili, utarudi na rangi yake usoni.

Jua la moja kwa moja ni lile lile, mwanga mzuri ila mkali, pazia jepesi jeupe linaligeuza kuwa taa bora kuliko zote utakazonunua.

Sababu nyingine ni lile chaguo la programu la kuangaza uso, umeliacha limewashwa tangu siku ulipokuwa gizani. Zima. Na mafuta ya ngozi, kausha uso na tishu kabla ya kikao, basi.

Onyo hapa: watu wanapenda kufunika taa na karatasi au kitambaa ili kulainisha. Kwenye balbu za zamani zinazopata moto, na halojeni ndo kabisa, hilo ni kuchezea moto, kitambaa kinaweza kushika. Hata LED usiifunike ikabanwa, acha hewa ipite na weka kitambaa mbali nayo. Ukisikia harufu ya plastiki inayochemka zima na chomoa, usisubiri kikao kiishe.

## Uso wa njano, wa bluu, wa kijani

Kwanza zima kidogo ile rangi ya usiku ya skrini, Night Light kwenye Windows au Night Shift kwenye Mac, halafu jiangalie tena. Hiyo inageuza skrini yako kuwa ya njano, kwa hiyo na picha yako unaiona ya njano wakati wenzako wanakuona vizuri kabisa! Muulize mtu mmoja kwenye kikao kabla hujaanza kubadilisha balbu.

Kama nao wanaona, sababu inayoongoza ni mchanganyiko wa taa. Rangi ya mwanga inapimwa kwa Kelvini na imeandikwa kwenye boksi la balbu: 2700 hadi 3000 ni ya njano, 4000 iko katikati, 5000 mpaka 6500 ni nyeupe ya kuelekea bluu kama mchana. Kamera inajitahidi kuifanya rangi moja ionekane nyeupe, lakini ukiwa na dirisha upande huu na balbu ya njano upande ule, haiwezi kuzirekebisha zote mbili kwa pamoja. Inachagua moja, nyingine inabaki na rangi yake, ndo unaona shavu moja bluu na jingine la chungwa. Chagua mwanga wa aina moja. Mchana tumia dirisha na uzime balbu, usiku funga pazia na taa zote zinazokufikia usoni ziwe na Kelvini zinazolingana.

Bluu tu usoni, hasa usiku: ni skrini ndo inakumulika kwa sababu hakuna taa nyingine. Shusha mwangaza wa skrini, ongeza taa ya mbele.

Kijani: taa za tyubu za zamani, ukuta wa rangi ya kijani ulio karibu, au majani mengi nje ya dirisha. Balbu duni nazo zinaua rangi ya ngozi hata kama Kelvini ni sahihi, hapo ndo uangalie namba ya CRI au Ra kwenye boksi, inayopima balbu inaonyesha rangi za vitu kwa usahihi kiasi gani. 80 ni ya kawaida, 90 kwenda juu inaonyesha ngozi kama ilivyo, na kwa ngozi nyeusi na za kahawia tofauti unaiona wazi.

Ukitoka na rangi ya zambarau au kijani hata ukiwa dirishani mchana, kwenye programu zote, kamera inaweza kuwa mbovu. Zima laptopu uiwashe, sasisha dreva (programu ndogo inayoiendesha kamera), na ikibaki hivyo hivyo mpelekee fundi.

## Mistari inatembea kwenye picha, taa inapepesa

Umeme wa gridi ni wa 50 Hz au 60 Hz kulingana na nchi, yaani mizunguko 50 au 60 kwa sekunde, na taa nyingi zinapepesa mara mbili ya hapo, mara 100 au 120 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, na isipokwenda sawa na mwendo huo unapata mikanda ya giza inayopanda au kushuka taratibu. Angalia kama kamera imepangwa kwa namba ya nchi uliyopo. Programu ya Camera ya Windows ina mpangilio wa kupunguza kupepesa wenye 50 na 60, na kamera nyingi za nje zinakuja na programu yenye chaguo hilo. Jaribu moja, ukiona mistari inazidi weka nyingine.

Ikikataa, shuku swichi ya kupunguza mwanga. LED nyingi zikishushwa zinapunguza kwa kuwaka na kuzima haraka haraka, ipandishe mpaka mwisho na umbali ndo utumie kupunguza mwanga. Balbu ya LED ya hali ya chini pia inapepesa hata bila swichi hiyo, ihamishe chumba kingine uweke tofauti. Njia ya mkato mchana ni kuzima taa zote utumie dirisha, mistari ikipotea umeshajua mkosaji.

Taa ya USB iliyochomekwa kwenye laptopu ina kisa chake. Poti ya USB 2.0 kwa kawaida inatoa miliampea 500 na ya USB 3.0 inatoa 900, wakati taa ya duara ya wati 10 inahitaji ampea 2. Ndo maana inawaka hafifu, inachezacheza, au laptopu inakata poti. Tumia chaja ya simu yenye ampea za kutosha au pawabenki.

Sasa hapa ndo pa kusimama. Kama taa inachezacheza kwa macho, na sio chumba kimoja tu, au inafifia kila kifaa kikubwa kikiwashwa, au swichi inalia, soketi ina joto, ina alama nyeusi, au ukigusa taa ya chuma unahisi umeme unakutekenya, acha habari za video. Zima kwenye swichi kubwa kama unaweza kuifikia salama na uite fundi umeme. Usifungue soketi wala usikaze waya kwa kuangalia maelezo ya mtandaoni, haya yangu yakiwemo.

## Mwanga unapanda na kushuka wenyewe

Mara nyingi kamera inafuata kitu kinachobadilika kwenye picha: mawingu yanapita, televisheni iko nyuma yako, feni ya darini inakata taa, unainua karatasi nyeupe mbele ya kamera, au skrini yako inabadilika kutoka ukurasa mweupe kwenda mweusi na ndo taa yako kubwa usoni. Ondoa kinachocheza, ongeza taa ya kudumu mbele ili hayo mabadiliko yawe madogo ukilinganisha nayo. Pazia jepesi linatuliza mawingu. Ukiwa na kamera ya nje yenye programu yake, zima kamera kujipangia mwanga yenyewe na uifunge kwenye kiwango kimoja, hiyo inamaliza kabisa, ila kumbuka kuirudisha jua likizama.

## Miwani inang'aa

Mwanga unadunda kwenye kioo kwa pembe ile ile uliyofikia, kwa hiyo taa ikiwa karibu na kamera itarudi kwenye kamera. Ipandishe juu ya kichwa na uisogeze pembeni, panda nayo kidogo kidogo huku unaangalia picha mpaka mng'ao utoke kwenye lenzi. Taa ya duara iliyozunguka kamera ndo mbaya kuliko zote kwa mwenye miwani, utakuwa na pete mbili machoni kikao kizima. Mwanga wa kudunda ukutani unasaidia pia.

Ukiona mstatili wa bluu ujue ni skrini, shusha mwangaza wake na uweke programu kwenye muonekano mweusi (dark mode). Jingine dogo ni kuinua mikono ya miwani kidogo sana juu ya masikio ili vioo viiname chini, haionekani kwenye kamera na inatosha kukata mng'ao. Inua na laptopu ifike usawa wa macho kwa vitabu. Siku ukibadilisha miwani ulizia ya kuzuia mng'ao.

## Kamera giza kabisa au inakatika

Kifuniko cha faragha kimefungwa, kitufe cha kamera kwenye kibodi kimebonyezwa, programu nyingine imeishika kamera, au ruhusa ya kamera imezimwa kwenye mipangilio, kagua kwa mpangilio huo. Kama picha inakatika au inabadilika rangi pale tu unapoinamisha skrini, waya unaopita kwenye bawaba umechoka, hiyo ni kazi ya fundi na kuendelea kuifungua na kuifunga kunaweza kuumaliza. Na ukiona skrini haifungi vizuri, padi ya kugusa imeinuka au chini ya laptopu kumevimba, hiyo ni betri. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, iende kwa fundi.

Wakati unasubiri, simu yako inaweza kuwa kamera. iPhone XR na za baadaye zikiwa na iOS 16 au mpya zaidi zinafanya hivyo kwenye Mac yenye mfumo wa macOS Ventura au mpya zaidi, Windows 11 nayo inakubali simu nyingi za Android. Senso ya simu ni bora kuliko ya laptopu, ila iweke juu ya skrini na uielekeze kama ulivyoelekeza laptopu, dirisha likiwa nyuma yako nayo itakutoa kivuli.

La mwisho ni kwa afya. Ukipata kichwa kuuma, kizunguzungu au macho kuwasha kila unapotumia taa fulani, iache hiyo taa. Na kama wewe au mtu wa nyumbani ana kifafa kinachoamshwa na mwanga unaopepesa, taa inayochezacheza isiwashwe kabisa chumbani humo hata kwa kujaribu, na dalili zikitokea muone daktari.